Jeni Fiche: Kifaranga Mweupe na Jogoo wa Jirani

Huko Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, kuku wengi hulelewa wazi. Banda likifunguliwa asubuhi, kuku wa nyumba nne tano huchanganyika jalalani na pembezoni mwa mashamba ya mihogo, na jioni kila mmoja hurudi kwao. Kwa hiyo koo mweusi na jogoo mwekundu wa nyumbani wakipata vifaranga kumi, na mmoja akimea manyoya meupe pepepe, hukumu hutolewa papo hapo: jogoo wa jirani amepita.

Huenda kweli amepita. Ila weupe ule si ushahidi, na sababu imo katika istilahi ambayo wanafunzi wa sekondari huko huisoma kwa Kifaransa: resesifu. Kwa Kiswahili naiandika jeni fiche.

Kuku hurithi jeni nyingi kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Rangi ya manyoya huhitaji kimeng'enya kiitwacho tirosinasi. Katika weupe tunaouzungumzia, jeni ya kimeng'enya hicho imevurugika, maana kipande cha virusi vya kale kilijipachika ndani yake. Kuku mwenye nakala moja nzima na moja mbovu ana rangi yake kamili, na hata mchuuzi mzoefu hawezi kumtambua kwa macho. Wawili wa namna hiyo wakipandana, kila kifaranga ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata nakala mbovu zote mbili na hivyo kuwa mweupe. Huo ni wastani tu; katika vifaranga kumi anaweza asitokee mweupe hata mmoja, au wakatokea watano. Mweupe wa aina hii macho yake hubaki meusi, tofauti na albino mwenye macho mekundu.

Wapo watakaopenda kusema "jeni dhaifu". Mimi silipendi neno hilo. Jeni hii hupita vizazi na vizazi bila kupungua, na siku ikikutana na mwenzake hutoka nzima. "Fifi" nayo hainiridhishi, kwa sababu kilichofifia bado huonekana kidogo, na hapa hakionekani kabisa. Gregor Mendel, alipoandika habari za njegere mwaka 1866, alikuwa na maana hiyohiyo: sifa inayotoweka kwa chotara, kisha ikarudi kwa uzao wao bila kubadilika. William Bateson akaonyesha mwaka 1902, kwa kuchunguza undu za kuku, kwamba kanuni hiyo inawahusu wanyama pia.

Mwenzi wa istilahi hii ni jeni tawala, ambayo nakala yake moja inatosha kuonekana. Mtazame kuku kishingo. Mwenye nakala moja hubakiza kishada cha manyoya mbele ya shingo. Mwenye mbili huwa na shingo tupu karibu yote. Basi kifaranga kishingo akizaliwa na koo mwenye shingo ya manyoya, na jogoo wa nyumbani naye si kishingo, hapo mnaweza kwenda kwa jirani bila haya.

Weupe nao una aina zaidi ya moja. Ule wa Leghorn, kuku wa mayai wa kizungu, hutoka kwenye jeni nyingine kabisa, nayo ni tawala. Jogoo safi wa ukoo huo angewafanya watoto wake karibu wote wawe weupe, labda na doa jeusi hapa na pale.

Ushahidi mtamu zaidi, kwangu mimi, ni wa kuku wa milia, wale wenye mistari myeusi na myeupe kwenye kila unyoya. Jeni ya milia hiyo ni tawala na imo katika kromosomu Z. Jogoo ana Z mbili, koo ana Z moja tu, na hiyo humpa mwanawe wa kiume peke yake. Koo wa milia akipandwa na jogoo mweusi, vifaranga wa kiume hutotolewa wakiwa na doa jeupe utosini. Wa kike utosi wao ni mweusi. Kwa hiyo mkiona tembe mwenye milia, milia hiyo ameitoa kwa baba. Jogoo wenu mweusi hahusiki.

Kuna jambo jingine linalovuruga hesabu. Koo huhifadhi mbegu za jogoo ndani ya vijifuko vidogo vya mirija yake ya uzazi kwa wiki mbili au zaidi, na mayai ya mtamio mmoja yanaweza kuwa na baba wawili au watatu. Jogoo aliyeuzwa sokoni Jumamosi bado anaendelea kuzaa. Anayetaka kumjua baba kwa hakika amtenge koo na jogoo mmoja kwa takriban wiki tatu kabla ya kuanza kukusanya mayai ya kuatamisha. Yatakayotagwa kabla ya hapo yaende jikoni.