MJUE MGONJWA KABLA YA KUMTIBU: GORILA WA NCHI JIRANI

Mahali zinapokutana Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ipo milima ya volkano ya Virunga, makao ya gorila wa milimani. Hesabu ya mwaka 1981 ilionyesha kwamba katika milima hiyo walikuwa wamebaki gorila 250 hivi tu. Leo, pamoja na wale wa msitu wa Bwindi nchini Uganda, wamezidi 1,000. Ushindi huo una sababu nyingi; mojawapo ni kwamba matabibu walijifunza kwanza tabia ya mgonjwa wao, ndipo wakashika dawa.

Kwa miaka mingi gorila alisimuliwa kuwa mnyama katili. Mwaka 1959 mtaalamu George Schaller alianza kuwachunguza upande wa Kongo, na mwaka 1967 Dian Fossey akaanzisha kituo cha Karisoke nchini Rwanda. Ilidhihirika kwamba gorila huishi kwa jamaa chini ya dume mwenye mgongo wa mvi. Kwamba kila jioni hujitandikia kitanda kipya cha majani. Na kwamba dume apigapo kifua, mara nyingi huonya tu.

Fossey aliuawa Desemba 1985. Mwaka uliofuata daktari James Foster alianza kuwatibu gorila nchini Rwanda, na elimu ile ikawa silaha yake. Gorila hasemi anapoumwa, lakini ajuaye mwenendo wake humtambua mgonjwa: hubaki nyuma ya wenzake, huacha kula, na kinyesi kitandani mwake hubadilika. Mtoto akinaswa na mtego, mara nyingi hulazimu kumlaza usingizi mama yake pia kwa mshale wa dawa, kwa kuwa hatamwachia. Wakati huo askari wa hifadhi husimama katikati kumzuia dume. Tiba hufanyika papo hapo msituni, ili mgonjwa arejee upesi kwa jamaa yake.

Mwaka 1996 gorila wa Bwindi walipatwa na upele, na mtoto mmoja akafa. Daktari Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda na wenzake waliwatibu waliosalia, wakapona. Lakini dawa peke yake isingetosha. Gorila hutoka msituni kula migomba, na huko mashambani hukuta vinyago vya kutishia wanyama, vilivyovishwa nguo kuukuu za watu. Ilionekana kwamba huenda ugonjwa ulipitia humo. Ndipo ikawa dhahiri kwamba kumlinda gorila kwahitaji pia kulinda afya ya wanakijiji, na mwaka 2003 daktari huyo akaasisi shirika kwa ajili ya kazi hiyo.

Historia hii yawahusu wabeba silaha hasa. Milima ya Virunga imepitiwa na vita tangu mwaka 1990, na askari wengi wa hifadhi wamepoteza maisha humo. Macho ya daktari ni askari wa doria, anayeng'oa mitego na kuwatambua gorila mmoja mmoja kwa alama za pua zao. Tena gorila huambukizwa kwa urahisi maradhi ya binadamu. Askari mwenye mafua akiwasogelea, aweza kuangamiza jamaa nzima bila kufyatua risasi hata moja. Kujua tabia ya mnyama ni sehemu ya ulinzi wake, na mlinzi asiyeijua aweza kumdhuru yule aliyekabidhiwa.