Samaki mgeni akigoma kula Turkana, kwanza yachunguzwe maji

SAMAKI wa mapambo anayenunuliwa Nairobi na kupelekwa Lodwar husafiri takriban kilomita 700 akiwa amefungiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Iwapo mwenyewe anaishi Kakuma, safari huongezeka kilomita nyingine 120 hivi. Jioni anapotiwa ndani ya tangi la kioo na kurushiwa chakula, aghalabu hukipuuza. Hujibanza pembeni, rangi imempauka, mapezi ameyakunja. Mwenye tangi humhurumia, akaongeza chembe nyingine, na nyingine tena. Kulipokucha humkuta akielea ubavu.

Mara nyingi samaki wa namna hiyo hakufa kwa njaa. Samaki mzima mwenye afya huweza kukaa siku kadhaa bila kula na asidhurike. Kinachomuua ni kile chakula alichokikataa. Kikishaoza, hutoa amonia, na sumu hiyo ina makali zaidi katika Turkana kuliko katika nyanda za juu. Sababu ni kwamba amonia huwa majini katika hali mbili: moja haina madhara makubwa, ya pili huunguza matamvua ambayo samaki huyatumia kupumulia. Kadiri maji yanavyozidi joto na magadi, ndivyo sehemu kubwa inavyogeuka kuwa ile inayounguza. Basi kiasi cha chakula ambacho kingeachwa tangini Limuru bila balaa huweza kuleta msiba Lodwar.

Joto lenyewe nalo hukata hamu ya kula. Mji wa Lodwar uko mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na mchana jotoridi mara kwa mara hufikia nyuzi 35 au kupita. Kwa kipimo cha usawa wa bahari, lita moja ya maji baridi yenye nyuzi 20 huweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 30, hubeba miligramu 7 na nusu. Kusaga chakula tumboni kunahitaji oksijeni, kwa hiyo samaki anayehema juu ya maji hana nafasi ya kula. Mpigo wa kwanza wa tiba huwa ni hewa, si chakula.

Hapa ndipo uchaguzi wa samaki unapoingia. Samaki wa dhahabu, anayependwa na wanunuzi wengi, ametokana na jamaa za kapu wa China, na hustawi zaidi katika maji ya kati ya nyuzi 18 na 24. Kumweka chini ya paa la mabati Kakuma ni kumtesa. Gapi wadogo wenye mikia ya rangi huvumilia joto zaidi, na ngege mchanga, ingawa wengi humjua sufuriani tu, ni mkaaji hodari wa tangi katika maji ya nyuzi 26 hadi 32.

Asiye na umeme wa kutegemewa hakukosa njia. Hewa ya Turkana ni kavu, na ukavu huo ni msaada: gunia lililoloweshwa na kuzungushwa tangi hupoza maji kwa namna ileile mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Ni lazima mdomo wa tangi uachwe wazi upitishe hewa, au ufunikwe kwa wavu unaozuia vumbi na paka. Pampu ndogo ya betri au ya sola hufaa. Ikikosekana, maji yatekwe kwa kikombe na kumiminwa kutoka juu, mara nyingi hasa usiku wa manane na alfajiri, wakati oksijeni inapokuwa haba.

Maji ya mifereji ya Lodwar hutoka katika visima vilivyochimbwa kandokando ya mto Turkwel. Kakuma hutegemea visima vya bonde la Tarach, mto wa msimu ambao kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Kambini, maji ya kunywa hutiwa klorini ili kuwakinga watu na maradhi, nayo klorini hiyohiyo huchoma matamvua. Ndoo iachwe wazi siku moja au mbili, ikikorogwa mara kwa mara, kabla ya maji kutiwa tangini. Tangi jipya pia halina vijidudu vinavyoila amonia. Huchukua kama wiki nne hadi sita kuzaana vya kutosha. Katika muda huo robo ya maji ibadilishwe kila siku mbili au tatu, iwe samaki anakula au hali.

Siku ya kuwasili, mfuko uelezwe tangini ukiwa umefungwa kwa muda wa robo saa ili joto lilingane. Ukishafunguliwa, kazi ifanywe upesi. Baada ya safari ndefu maji ya mfukoni yamejaa hewa chafu ya pumzi, ambayo kwa bahati huipunguza makali amonia iliyomo. Hewa hiyo ikitoka, makali hurudi. Samaki atolewe kwa wavu, na maji ya mfuko yamwagwe nje. Siku hiyo asipewe chochote. Awekewe kivuli, jiwe au kigae cha chungu cha kujificha, na watoto wazuiwe kugonga kioo.

Siku ya pili apewe kiasi kinachoweza kumalizwa kwa dakika mbili, na mabaki yavutwe kwa mpira mwembamba. Ni vyema kumuuliza muuzaji alikuwa akimlisha nini, kwani samaki wengi hukataa chakula kigeni kwa sababu tu hawakitambui, au chembe zake ni kubwa kuliko kinywa. Chembe zisagwe. Mkate usitumiwe, kwani huvimba na kuoza haraka. Anayeendelea kugoma huvutwa na kitu kinachocheza: viluwiluwi vya mbu humwamsha karibu samaki yeyote mdogo. Lakini katika eneo lenye malaria, ndoo ya kufugia viluwiluwi ni lazima ifunikwe kwa chandarua na kumwagwa kabla havijageuka mbu, jambo ambalo katika joto hilo huchukua kama wiki moja tu. Omena waliokaushwa na kusagwa laini hufaa wale nyama. Mbaazi zilizochemshwa na kumenywa huwafaa samaki wa dhahabu na ngege.

Samaki aliyetoka Ziwa Turkana ni suala jingine. Maji ya ziwa hilo ni ya magadi, na kila lita ina gramu mbili na nusu hivi za chumvi. Aliyechukuliwa Kalokol au Eliye na kutumbukizwa katika maji ya Turkwel hupata mshtuko hata kabla ya kuwaza chakula. Maji ya ziwa yaletwe kwa mitungi, kisha yachanganywe na ya kisima polepole kwa wiki moja au zaidi. Ngogo hutafuta chakula gizani kwa kutumia sharubu zake, hivyo apewe baada ya taa kuzimwa. Bunju wa mistari hutaka konokono wa kuvunja kwa meno. Akinyimwa, meno hukua kupita kiasi mpaka akashindwa kufumbua kinywa. Ndani ya hifadhi za Sibiloi na visiwa vya Kati na Kusini, ambazo zimo katika orodha ya urithi wa dunia, hakuna ruhusa ya kuvua hata mmoja.

Iwapo wiki imepita, maji ni safi, na tumbo la samaki limebonyea au ngozi imetokwa na vidoa vyeupe kama chumvi, huo si ugomo tena bali ni maradhi. Atengwe kwenye chombo chake mwenyewe, na ushauri utafutwe kwa maafisa wa uvuvi wa kaunti mjini Lodwar.

Mfugaji aliyechoka ampe samaki wake jirani. Kumwachilia katika Turkwel hakufai kabisa, kwani mto huo huelekea ziwani, na ziwani humo wamo samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani.