Banyama wa Ziwa Mweru na Mnyonya Damu wa Sinema

Mwezi wa Februari 1931, mjini New York, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza filamu ya Dracula iliyoongozwa na Tod Browning. Mwigizaji wake mkuu, Bela Lugosi, alikuwa bwana wa ngome milimani, maiti asiyekufa, ambaye mchana hulala jenezani na usiku huamka kufyonza damu ya walio hai. Kisa hicho kilitokana na riwaya ya Bram Stoker iliyochapwa mwaka 1897. Na kabla ya Browning, Mjerumani F. W. Murnau alikwisha kukitumia bila idhini katika filamu yake ya kimya, Nosferatu, ya mwaka 1922.

Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1930, mbali sana na New York, watu wengi wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, waliogopa kutembea baada ya jua kutua. Waliwaogopa banyama, watu walioaminiwa kuwanasa wapita njia, kuwalegeza kwa dawa, na kuwatoa damu. Hofu hiyo ilienea hata bonde la Luapula na pwani ya Ziwa Mweru.

Katika makala haya twakusudia kuuliza: je, hofu hizi mbili ni za ukoo mmoja? Swali hili si la mchezo. Mara nyingi tumesikia, hata miongoni mwetu walimu, kwamba hadithi za wanyonya damu zililetwa Afrika na sinema. Kama ni kweli, basi wazee wetu walikuwa watoto waliotishwa na picha ukutani. Kama si kweli, hatuna budi kuwasikiliza upya.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Ziwa Mweru lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 5,000. Mto Luapula huingia kutoka kusini, na maji hutoka kaskazini kwa mto Luvua kwenda Kongo. Upande wa Zambia upo mji wa Nchelenge na jirani yake Kashikishi, bandari ya wavuvi. Ng'ambo ni Kongo, ambako Kiswahili husikika sokoni, na ambako watoa damu wa namna hii waliitwa batumbula. Ziwani kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, jina ambalo msomaji wa pwani hawezi kulipita bila kusimama.

Sasa tupime miaka. Magari ya sinema ya serikali yalianza kuzunguka vijijini Rhodesia ya Kaskazini katika miaka ya 1940, yakionyesha zaidi habari za vita na mafunzo ya afya na kilimo. Hofu ya banyama ilikuwa imekwisha kutanda kabla ya hapo. Nasi Waswahili tunao ushahidi wetu katika kamusi. Kamusi Sanifu ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 yalieleza neno mumiani kuwa ni dawa nyeusi kama gundi, na yaongeza kwamba wengi waliamini ni damu ya watu iliyogandishwa, hata uvumi ukizuka mjini, watu hawatoki nje baada ya magharibi. Basi sinema haikuwa mama wa hofu hii.

Tena wanyonya damu hawa hawafanani. Yule wa filamu ni mfu, hunywa damu mwenyewe kwa njaa yake, na huogopa msalaba. Munyama ni mtu hai. Hanywi damu; ameajiriwa kuitafuta, naye huipeleka kwa wakubwa, ambao walisemekana kuwa Wazungu, nao huifanya dawa. Shina la jina lake ni nyama, na Tanganyika afisa wa idara ya wanyama pori aliitwa Bwana Nyama. Kenya na Uganda walioogopwa waliitwa wazimamoto, jina la kazi ya serikali. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya uvumi huu, ameonyesha jinsi masimulizi haya yalivyojaa magari, mishahara na zana za kazi. Hapana ngome wala jeneza. Ni hadithi ya ajira.

Kwa nini ikawa hivyo? Twaona mizizi miwili. Wa kwanza ni malale. Mwanahistoria wa Zambia, Mwelwa Musambachime, ameandika juu ya madhara ya ugonjwa huo Mweru na Luapula kati ya mwaka 1906 na 1922. Wenyeji waliamriwa kuhama pwani, na uvuvi, riziki yao, ukazuiwa. Waganga wa serikali waliwapapasa watu shingo kutafuta tezi zilizovimba, na sindano ikatumika kupata majimaji na damu ya kutazamwa kwa darubini. Nia ilikuwa kuzuia mauti. Lakini aliyepimwa aliona nini? Mgeni ametoa kitu mwilini mwake, kisha yeye ameondolewa kwake.

Mzizi wa pili ni kazi ya machimboni. Vijana wa Luapula walikwenda Katanga na baadaye Ukanda wa Shaba. Wengine walirudi wamechoka, wengine hawakurudi. Mwaka 1935, wachimbaji walipogoma, sita waliuawa kwa risasi Luanshya. Mtu aliyesema kwamba wakubwa wanaishi kwa damu ya Waafrika hakukosea sana. Musambachime, aliyeuchunguza uvumi wa banyama kuanzia 1930 hadi 1964, ameukuta umedumu mpaka mwisho wa ukoloni, wakati wa Shirikisho la 1953 hadi 1963 ukiwamo.

Hata hivyo, hapa yatupasa kuwa waangalifu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina hekima, lakini pia ina hatari. Uvumi uliwasema wakubwa, lakini mawe hayakuwafikia wakubwa. Aliyeshukiwa ni karani, askari wa wanyama, au mpita njia asiye na mwenyeji: Mwafrika mwenzao. Wala ukoloni haukuondoka na hofu hii. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa kwa kudhaniwa wanyonya damu. Mapema mwaka 2020, Zambia yenyewe, uvumi wa watu wanaopuliza dawa majumbani usiku ulisababisha makundi yenye hasira kuua watu zaidi ya 40.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu wasiipuuze hadithi ya banyama darasani, wala wasiiache ipite kama habari ya kweli. Mwanafunzi aulizwe: nani alichukua nini kutoka kwa nani, na nani alipigwa kwa ajili hiyo? Dracula wa sinema hufa kwa kigingi kifuani, taa zikawashwa, watazamaji wakaenda kulala. Munyama hafi kwa kigingi, na kila anapofufuka yuko mtu asiye na hatia njiani, usiku, anayeulizwa ametoka wapi.