Fidia ya ajali kazini na barabarani: Mwongozo kwa wasafirishaji wa Kasese, Bwera na Mpondwe

KASESE/BWERA – Lori linapopinduka kati ya Kikorongo na Mpondwe, majeruhi hukimbizwa Hospitali ya Kagando au ya Bwera, na swali linalofuata huwa moja: nani atalipa?

Jibu haliko katika sheria moja. Liko katika milango mitatu: sheria ya fidia kwa wafanyakazi, bima ya mtu wa tatu, na Kadi ya Njano ya COMESA kwa magari yanayovuka kwenda Kasindi, Beni na Butembo. Kila mlango una mlipaji wake, kiwango chake na muda wake. Anayebisha mlango usio wake hupoteza siku, na siku zikipita haki nayo huenda.

Suala hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Juni 16, 2021, Rais Yoweri Museveni na Rais Félix Tshisekedi walikutana mpakani Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za kilomita 223 ndani ya Kongo, zikiwemo Kasindi–Beni na Beni–Butembo. Mwaka 2022 Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Saruji, mafuta na bidhaa za viwandani huenda. Kahawa, kakao na mbao hurudi. Biashara ikikua, na watu wanaopanda, kushuka na kupakia malori huongezeka.

MLANGO WA KWANZA: FIDIA KWA MFANYAKAZI

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ni ya mwaka 2000. Msingi wake ni rahisi: mfanyakazi akiumia kwa ajali inayotokana na kazi na akiwa kazini, mwajiri hulipa. Mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Hata ikiwa mfanyakazi mwenyewe alizembea, fidia hulipwa.

Jambo hili waajiri wengi hawalijui. Mwenye lori anayesema "dereva alikuwa anakimbiza gari, kwa hiyo simlipi" hana kinga katika sheria hii.

Ajali inayotokea mfanyakazi akisafiri moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini nayo huhesabiwa kuwa ya kazini. Ila ni juu ya mfanyakazi kuonyesha kwamba safari ilikuwa ya moja kwa moja. Jeraha dogo lisilomzuia mtu kufanya kazi kwa siku tatu mfululizo haliingii.

Viwango vya malipo

Hesabu hufuata mapato ya mwezi ya mfanyakazi:

- Kifo, akiwa ameacha watu waliomtegemea kabisa: mapato ya miezi 60.
- Ulemavu wa kudumu unaomzuia kabisa kufanya kazi: mapato ya miezi 60.
- Ulemavu wa kudumu wa sehemu: asilimia ya mapato ya miezi 60, kwa kufuata jedwali la viungo lililo ndani ya sheria.

Chukua mfano wa utingo anayelipwa shilingi 300,000 za Uganda kwa mwezi. Akifariki kazini, fidia ni 300,000 mara 60, yaani shilingi milioni 18. Akibaki na ulemavu uliopimwa kuwa asilimia 40, fidia ni shilingi milioni 7.2.

Hapo ndipo penye mgogoro mkubwa. Utingo wengi hulipwa kwa safari, mkononi, bila karatasi. Bila daftari la malipo au ujumbe wa pesa kwa simu, mwajiri anaweza kudai kwamba mshahara ulikuwa nusu ya ule wa kweli, na fidia nayo ikawa nusu.

Vibarua wa kupakia je?

Wengi hudhani kibarua hana fidia. Sheria haisemi hivyo. Anayeachwa nje ni mtu wa kazi ya muda ambaye pia hakuajiriwa kwa ajili ya biashara ya mwajiri. Mtu aliyeitwa kufyeka majani nyumbani kwa mfanyabiashara anaweza kuwa nje. Mpakizi aliyeajiriwa kushusha saruji ya mfanyabiashara huyo huyo yuko ndani ya biashara, na madai yake yana nguvu.

Kwa vibarua kuna kanuni nyingine ya kuangalia. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi minne anastahili mkataba wa maandishi. Mei 2023 Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira uliogusa pia vibarua, lakini Rais hakuuidhinisha. Kwa hiyo asitegemee mtu yeyote vifungu vya muswada ule.

Dereva wa bodaboda anayekodi pikipiki na kumpelekea mwenye chombo hesabu ya siku yuko katika hali ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi huonekana kama mpangaji wa chombo na si mwajiriwa. Huyo anahitaji bima yake binafsi ya ajali.

Taarifa ndani ya mwezi mmoja

Mwajiri anapaswa kupewa taarifa ya ajali haraka iwezekanavyo, na si zaidi ya mwezi mmoja. Taarifa inaweza kutolewa na mfanyakazi mwenyewe au mtu mwingine kwa niaba yake. Ikiwa mwajiri alijua ajali kwa njia nyingine wakati ule ule, kukosa taarifa hakuzuii madai, lakini ni salama zaidi kuandika na kubaki na nakala. Mwajiri naye ana wajibu wa kumjulisha afisa kazi.

Baada ya hapo mfanyakazi hupimwa na daktari bila yeye kutozwa. Pande mbili zisipokubaliana kuhusu kiwango cha ulemavu, suala hupelekwa kwa bodi ya usuluhishi wa kitabibu. Mwajiri akikataa kulipa, madai huenda mahakama ya hakimu.

Tahadhari kuhusu makubaliano ya pembeni

Si jambo geni majeruhi kuletewa karatasi kitandani: pokea kiasi hiki, weka dole gumba, tumemalizana. Sheria inaruhusu makubaliano kati ya mwajiri na mfanyakazi, lakini kwa masharti. Lazima yawe ya maandishi, yapate idhini ya afisa kazi, na kiasi kisipungue kile kinachostahili kisheria. Asiyejua kusoma lazima asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Mpakani hapa lugha hiyo yaweza kuwa Lukonzo au Kiswahili na si Kiingereza cha wakili.

Kwa mwajiri pia karatasi isiyopita kwa afisa kazi ni hasara. Pesa zimetoka, na madai yanaweza kurudi.

Bima ya mwajiri

Sheria inamtaka kila mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima ya fidia. Kwa mwenye malori mawili au matatu, bila bima hiyo ajali moja yenye vifo viwili yaweza kuuza gari. Ikumbukwe pia kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2022, kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anatakiwa kujiandikisha na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mfuko huo una mafao ya ulemavu na ya warithi, lakini ni akiba ya mwanachama. Hauchukui nafasi ya fidia ya mwajiri.

MLANGO WA PILI: BIMA YA MTU WA TATU

Mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli au mchuuzi aliyegongwa kando ya barabara si mfanyakazi wa mwenye lori. Yeye huingia kwa mlango wa bima ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima Uganda tangu sheria ya mwaka 1989. Dereva na utingo haki yao ya kwanza iko kwa mwajiri, si kwenye stika hii.

Tatizo la bima hii ni kikomo chake. Sheria ya 1989 iliweka shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja. Thamani ya shilingi imeshuka sana tangu wakati huo, na kwa muda mrefu wadau wa bima wamekuwa wakitaka kiwango kipandishwe. Mguu uliovunjika na kuwekwa chuma waweza kumaliza kiasi hicho kabla mgonjwa hajatoka wodini.

Stika kwa hiyo haimalizi deni. Aliyeumia kwa uzembe wa dereva anaweza kumshtaki dereva pamoja na mwenye gari kwa kiasi kinachozidi, na mwenye gari huwajibika kwa kosa la dereva aliyekuwa katika kazi yake. Hapa, tofauti na mlango wa kwanza, uzembe lazima uthibitishwe. Ripoti ya polisi, mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya mkaguzi wa magari, fomu ya polisi ya majeruhi na risiti za hospitali ndizo silaha za pande zote mbili.

Muda wa kufungua kesi:

- Kuumia mwilini kwa uzembe: miaka 3.
- Madai ya waliomtegemea marehemu: miezi 12 tangu kifo.
- Ikiwa gari lililogonga ni la serikali: miaka 2.

Mwenye lori anayetaka kulala usingizi anunue kinga ya ziada juu ya ile ya lazima, na asome kikomo chake kabla ya kulipa.

MLANGO WA TATU: KUVUKA KASINDI

Stika ya Uganda huishia daraja la mto Lhubiriha. Ng'ambo inatakiwa Kadi ya Njano ya COMESA, mpango uliotokana na itifaki ya mwaka 1986 na kuanza kazi 1987. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Tanzania, ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000, imebaki katika mpango huu.

Kadi hii hufidia watu wa tatu waliodhurika na gari la kigeni, na pia gharama za matibabu ya dereva na abiria wa gari hilo. Malipo hufuata sheria ya nchi ilikotokea ajali, si ya nchi lilikosajiliwa gari. Madai hushughulikiwa na ofisi ya taifa ya nchi hiyo. Kwa Kongo ofisi hiyo imekuwa SONAS, shirika lililokuwa na ukiritimba wa bima hadi sheria ya mwaka 2015 ilipofungua soko. Kampuni binafsi zilianza kupewa leseni mwaka 2019.

Kuna pengo moja ambalo wasafirishaji hawapaswi kuliacha. Kadi hailipi fidia ya ulemavu au kifo cha dereva na utingo, na Sheria ya Fidia ya Uganda imeandikwa kwa ajira zilizo ndani ya Uganda. Utingo wa Bwera akipoteza mkono akishusha mzigo Butembo, mwajiri au bima wanaweza kubishana kuhusu mahali. Dawa ni mambo mawili: mkataba wa kazi utaje kwamba safari za Kongo ni sehemu ya kazi, na bima ya mwajiri itaje Kongo kwa jina kama eneo linalolindwa.

Kwa aliyeajiriwa Kongo kwenyewe, mfano karani wa ghala la Beni, sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2016 inamtaka mwajiri amwandikishe CNSS, ambayo hulipa mafao ya ajali za kazini.

Suala la usalama

Shambulio la Juni 2023 katika shule ya Lhubiriha na mauaji ya watalii wawili na mwongozaji wao katika hifadhi ya Queen Elizabeth Oktoba mwaka huo yaliwakumbusha wafanyabiashara hatari ya njia hii. Bima nyingi za kawaida huondoa vita na ugaidi. Anayetaka kinga hiyo huilipia peke yake, na aulize iwapo inagusa watu au mzigo tu.

MALORI KUTOKA KENYA NA TANZANIA

Lori la Mombasa lenye wafanyakazi wa Kenya huja na sheria nyingine. Sheria ya Kenya ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019, hukadiria ulemavu wa kudumu na kifo kwa mapato ya miezi 96. Kikomo cha bima ya mtu wa tatu huko ni shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza Julai 2015. Mwajiri huchangia, na mfuko ndio unaolipa.

YA KUFANYA

Mwenye gari:
1. Andika mkataba wa kila dereva na utingo, ukitaja mapato ya mwezi.
2. Kata bima ya fidia na usome maeneo inayolinda.
3. Hakikisha Kadi ya Njano haijaisha kabla gari halijavuka.
4. Ajali ikitokea, ripoti polisi, kwa afisa kazi na kwa kampuni ya bima.

Mfanyakazi:
1. Tunza ushahidi wa malipo, hata ujumbe wa simu.
2. Toa taarifa ya maandishi ndani ya mwezi mmoja.
3. Usiweke sahihi wala dole gumba kabla ya kumwona afisa kazi.

Tahadhari ya mwisho ni ya namba. Toleo jipya la Sheria za Uganda lilianza kutumika Julai 1, 2024, na namba za sura na vifungu vingi zilibadilika. Barua ya madai inayotaja kifungu cha toleo la zamani huleta mabishano yasiyo ya lazima, kwa hiyo mwenye madai amwombe afisa kazi au wakili namba ya sasa kabla ya kuipeleka.