Kibaba na Mizani

Hapa kwetu Kibabi, katika nchi ya Masisi, maharagi na mahindi huuzwa sokoni kwa bakuli, kwa kopo na kwa gunia. Yafaa tujue jinsi watu wa kale walivyopima nafaka, maana katika kupima ndimo haki ya mkulima inamolindwa au kupotea.

Watu wa pwani walipima kwa kibaba. Vibaba 2 ni kisaga, vibaba 4 ni pishi. Lakini kulikuwa na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni, na kibaba cha tele, kilichojazwa hata kufanya kilele. Chombo ni kile kile, nafaka si sawa. Kwa hiyo iliwapasa kupatana kwanza: mfuto au tele?

Mizani nayo ni ya kale. Wamisri wa zamani walikuwa nayo: mti ulioning'inizwa katikati, vitanga 2, na mawe ya kupimia. Baadaye, huko Ulaya, wafanya biashara waliunganisha kibaba na mizani. Walijaza nafaka katika kopo la kipimo maalum, wakaifuta ukingoni, kisha wakapima uzito wake. Kwa nini? Kwa sababu punje kavu zilizokomaa ni nzito. Zilizosinyaa au kuliwa na wadudu hulijaza kopo lile lile kwa uzito mdogo. Ngano njema hufikia kilo 75 hata 80 kwa lita 100. Hivyo walijua wingi wa nafaka, na pia daraja yake.

Kipimo cha kilo kilianzishwa Ufaransa mwaka 1795, kikaja kwetu pamoja na Wazungu. Tangu mwaka 1917 serikali ya Kibelgiji iliwalazimisha wanavijiji wa Kongo kulima mazao fulani. Mazao yalipofika penye mizani, mnunuzi ndiye aliyesoma tarakimu. Mkulima asiyejua kusoma aliweza kusadiki tu. Chuma hakisemi uongo, lakini mtu aweza kukisemea.

Nabii Amosi, zaidi ya miaka 700 kabla ya Kristo, aliwakemea wauza nafaka waliopunguza kipimo cha ngano na kuongeza jiwe la kupimia fedha. Dhambi hiyo yaweza kufanywa hata leo, kwa bakuli lililobonyezwa kitako. Basi, tuwafundishe watoto wetu kusoma mizani. Na kila muuzaji Mkristo aonyeshe bakuli lake tupu kabla ya kulijaza.