Safu ya Lugha: Mshipi

Wengi wakisikia "mshipi" huwaza mkanda wa kiunoni. Mvuvi huwaza uzi wenye ndoana. Maana zote mbili ni sahihi.

Si kila samaki huvuliwa kwa mshipi. Ngege wa Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, wanaoliwa Beni na Butembo, huvuliwa kwa nyavu. Lakini kijitoni mshipi hutosha. "Ndoana" yenyewe ina ndugu wa karibu: Kilingala husema "ndobo", na maneno yote mawili yametoka katika shina la kale la Kibantu lenye maana ya kuvua kwa ndoana.

Anayeanza kuvua kwa mshipi asikimbilie ufito wa dukani wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi. Kigurudumu hufaa maji mapana, ambako chambo hurushwa mbali na samaki mkubwa huhitaji kuachiwa uzi. Kijitoni unatosha mwanzi mwembamba unaopindika bila kuvunjika, mshipi mwepesi wa nailoni uliofungwa nchani, ndoana ndogo, chubwi ya kuuzamisha, na nyungunyungu.

Basi tusiandike "kamba ya kuvulia". Kamba ni ya kufungia mbuzi, na huko pwani kamba ni kiumbe wa baharini, huvuliwa na kuliwa. Mvuvi ana mshipi.