Anwani ya IP inakaa wapi kwenye daraja?

Wanaojifunza Linux huuliza sana: ukiunda daraja br0 na kuitia eth0 ndani yake, anwani ya IP inakaa wapi? Jibu ni fupi: kwa br0. Sababu yake ndiyo tamu, na inaanzia miaka ya 1980.

Wakati huo kampuni ya Marekani, Digital Equipment, ilikuwa ikitafuta njia ya kuunganisha mitandao ya Etheneti. Daraja lilikuwa kisanduku kinachosoma anwani ya MAC, ile ya biti 48, kisha kupitisha fremu upande unaofaa. Mambo ya IP hayakukihusu. Hatari ilikuwa mzunguko: fremu ya Etheneti haibebi hesabu ya kuizuia kuzunguka milele, kwa hivyo kebo moja ya ziada ingeweza kulemaza mtandao mzima. Radia Perlman, mhandisi wa hapo, alibuni mbinu ya kukata mizunguko hiyo (akaitungia hata shairi!) na kuichapisha mwaka wa 1985. IEEE iliiweka katika kiwango cha 802.1D mwaka wa 1990.

Linux 2.4, Januari 2001, ilikuja na daraja la Lennert Buytenhek, lile la amri ya brctl. Hapa kisanduku kimekuwa programu ndani ya kompyuta, na kompyuta yenyewe inataka kuongea pia. Ndiyo maana br0 ni swichi na vilevile mlango wa mwenye nyumba. eth0 ikishaingia darajani, fremu zinazofika hukabidhiwa daraja kabla IP haijaziona. Kuacha anwani kwa eth0 ni kama kubandika namba ya nyumba yako kwenye lango la mtaa.

KVM ilipoingia mwaka wa 2007, madaraja yakawa kazi ya kila siku. Siku hizi tunatumia amri ya ip badala ya brctl, lakini hatari ni ileile: ukiwa umeingia kwa SSH kwenye seva iliyo mji mwingine, hamisha anwani na njia ya kutokea kwa skripti moja. Ukiandika amri moja moja utakatiwa katikati, na mtu apande matatu kwenda huko.

Kama unatumia DHCP, jua pia kwamba br0, usipoipangia, huchukua MAC iliyo ndogo kuliko zote za milango yake. Mashine pepe mpya inaweza kuibadilisha, na seva ikapewa IP nyingine. Ndiyo sababu libvirt huanzisha MAC za milango yake kwa fe.